Ng'ambo, Joni na Ughaibuni: Maandalizi ya Kuhamia Nchi ya Kigeni katika Historia ya Mwambao wa Ziwa Nyasa



Neno ng'ambo limeishi maisha marefu katika Kiswahili. Mjini Unguja lilikuwa jina la upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya watu wa kawaida, na hori lenyewe lilipofukiwa jina likabaki. Bara, kwa kizazi kilichosoma katika miaka ya 1960 na 1970, kwenda ng'ambo kulikuwa kwenda Ulaya au Marekani kwa masomo, tena kwa kuagwa na ukoo mzima. Kihagara, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, neno hili halihitaji kamusi. Ng'ambo ni ile milima inayoonekana upande wa magharibi siku ambazo anga ni safi. Ni nchi nyingine yenye serikali nyingine na fedha nyingine, ila lugha ya huko si ngeni kwa masikio ya huku.

Kata ya Kihagara ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga mpaka mwaka 2012, ilipoundwa Wilaya mpya ya Nyasa yenye makao yake Mbamba Bay. Nimeichagua kwa sababu ni mahali ambapo mpaka uliwafuata watu walipokuwa, badala ya watu kuufuata mpaka. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa Heligoland, wakauchora mstari kufuata ufuko wa mashariki wa ziwa. Tangu mwaka 1967 Tanzania imeshikilia kwamba mpaka wa haki unapita katikati ya maji, na Malawi imeshikilia mstari wa 1890. Shauri hilo tuwaachie wanasheria. Linalotuhusu sisi ni kwamba mtu aliyezoea kuvuka kwenda kisiwa cha Likoma kwa ibada, kwa ndoa au kwa kuuza muhogo aligeuzwa msafiri wa nchi za nje akiwa ameshika kasia lilelile.

Katika mhadhara huu nataka kuuliza swali dogo. Watu wa mwambao huu, walipokusudia kwenda kuishi na kufanya kazi katika nchi ya kigeni, walijiandaa vipi? Wanahistoria wameandika mengi juu ya sababu zilizowaondoa na mishahara waliyolipwa. Juu ya maandalizi yenyewe wameandika kidogo. Hoja yangu ni kwamba kwa muda mrefu maandalizi ya safari yalikuwa kwanza ni maandalizi ya kutokuwepo: nani atashika nafasi ya anayeondoka, na atarudi kwa mlango gani. Baadaye ofisi za uandikishaji zilichukua sehemu ya safari iliyoonekana kwa macho, yaani nauli, chakula, hati na mkataba, na tukazoea kuiona sehemu hiyo kuwa ndiyo maandalizi yote. Ushahidi wangu mkubwa ni maneno, maana maneno ya uhamiaji huonyesha msemaji amesimama wapi.

Kwanza tuseme kwa ufupi kilichowaondoa. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata viliiharibu vibaya Songea. Waingereza wakaweka sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu. Wamatengo wa milimani, wenye mashamba yao ya ngoro, walipata kahawa, na kahawa ilimwezesha mtu kulipa kodi bila kuondoka nyumbani kwake. Huku chini ufukoni kulikuwa na muhogo, mpunga kidogo na samaki, vitu vinavyoshibisha lakini wakati ule havikuwa na soko la maana. Anayetaka fedha alipaswa kuzifuata.

Njia zilikuwa tatu. Ya mashariki ilipita Songea kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya pwani, hasa Tanga. Ya kaskazini ilikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, iliyoanza kuchimbwa katika miaka ya 1920. Ya magharibi na kusini ilivuka ziwa, ikapita Nyasaland na kuelekea Rhodesia mbili na hatimaye Johannesburg. Upande wa Nyasaland mji huo uliitwa kwa ufupi Joni, na jina hilo likawa jina la Afrika Kusini nzima, kama vile vijana wa Dar es Salaam walivyokuja kusema Sauzi au Bondeni.

Tazama sasa msafiri wa njia hiyo ya tatu alikuwa na nini cha kupanga. Msaada mkubwa kwetu ni makala ya J. van Velsen ya mwaka 1960 juu ya Watonga wa Nkhata Bay, majirani zetu wa ng'ambo, ambao mazingira yao yanafanana mno na ya Kihagara: ziwa, muhogo, misheni, na wanaume wasiokuwepo. Wakati ambapo maofisa na wamisionari wengi walilalamika kwamba uhamiaji unavunja jamii, van Velsen alishikilia kinyume chake. Watonga waliokuwa Joni kwa miaka mingi, alisema, walikuwa wakiijenga nafasi yao nyumbani muda wote huo. Walituma fedha kwa ndugu, waligombea vyeo vya ukoo wakiwa mbali, walishiriki katika kesi za ardhi kwa barua, walilipia mahari. Mji wa kigeni haukuwapa haki ya kuzeekea huko, kwa hiyo uzee wao ulipangwa nyumbani tangu siku ya kuondoka.

Muhogo una sehemu yake katika jambo hili, na naomba niukalie kidogo. Nafaka humdai mkulima kwa msimu: asipokuwepo kupanda, kupalilia na kuvuna, amepoteza mwaka. Muhogo husubiri. Ukishakomaa unaweza kukaa ardhini miezi mingi, ukachimbwa kidogo kidogo na aliyebaki. Shamba la muhogo ni ghala lisilohitaji mlinzi wa kiume, na nchi yenye ghala la namna hiyo inaweza kuwaachia wanaume wake kwa mwaka mzima au miwili. Mzigo wote, bila shaka, ulimwangukia mwanamke: yeye alilima, akachimba, akaloweka, akatwanga, akalea, akauguza wazee. Tunaposema kwamba msafiri alijiandaa vizuri, mara nyingi tunasema kwamba alikuwa na mke au dada mwenye nguvu. Vitabu vya uhamiaji vimejaa hesabu za wanaume waliokwenda, na mimi bado nasubiri kitabu kitakachohesabu matuta yaliyopigwa na wanawake waliobaki.

P. H. Gulliver, aliyechunguza uhamiaji wa Wangoni na Wandendeule na kuchapisha utafiti wake mwaka 1955, anatuonyesha picha kama hiyo kwa upande wa Songea, ingawa yeye alitilia mkazo zaidi ufinyu wa fedha vijijini. Kwake kijana alikwenda kwa lengo lililokadiriwa: kodi, nguo, mahari, pengine baiskeli. Lengo likitimia, anarudi. Waajiri wa Kizungu waliliona jambo hili kuwa ni uvivu wa mtu asiyetaka kuendelea na kazi. Kwa macho ya aliyepanga safari ulikuwa ni mpango uliokamilika.

Katika maandalizi hayo kulikuwa na vitu vya mkononi pia: unga wa muhogo, usipa wa kukausha, na majira ya kuvuka. Mwera, ule upepo mkali wa kusini, huvuma zaidi katika miezi ya kiangazi cha baridi, na ziwa hili halina huruma kwa anayelidharau. Chauncy Maples, aliyekuwa ndiyo kwanza amewekwa kuwa askofu wa Likoma, alizama humo Septemba 1895. Julai 1946 ilizama meli ya Vipya, iliyokuwa mpya kabisa, na watu 145 wakafa.

Zaidi ya vitu, kulikuwa na mtu. Msafiri hakwenda peke yake, na alipendelea kufuatana na aliyewahi kufika. Huko alikokwenda alikuwa na jina la ndugu au la mtu wa kwao ambaye angelala kwake siku za kwanza. Nyuma yake alimwacha mtu wa kumjibia: kulipa kodi yake, kusimamia nyumba, kusema kwa niaba yake. Kiswahili kina neno lililotimia kwa mtu huyo, nalo ni mdhamini. Nawaomba mliweke akilini, maana tutalikuta tena mbali sana na Kihagara, likiwa limevishwa kazi nyingine.

Sasa tuziangalie ofisi. Chama cha kuandikisha wafanyakazi kwa migodi ya Witwatersrand kiliundwa mwanzoni mwa karne ya 20, na herufi zake za Kiingereza zikasomwa kama neno: Wenela. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuandikisha watu kutoka kaskazini ya latitudo 22 kusini, kwa sababu watu wa nchi za joto walikuwa wakifa kwa nimonia kwa wingi uliotisha hata wenye migodi. Kihagara iko kwenye latitudo 11 hivi, kwa hiyo yote ilikuwa ndani ya marufuku. Uandikishaji huo uliruhusiwa tena katika miaka ya 1930, na baadaye Wenela ikaingia Tanganyika, hasa upande wa Rungwe. Huko Nyasaland waliokwenda wenyewe bila mkataba waliitwa selufu, neno la Kiingereza lililovikwa sauti za Kibantu, yaani wa kujipeleka. Serikali ya Rhodesia ya Kusini nayo ilianzisha magari ya kuwachukua wahamiaji bila nauli, yakaitwa Ulere, neno la Kinyanja lenye maana ya bure. Na tume yake ya kutafuta wafanyakazi, iliyoundwa mwaka 1946, ikajulikana kwa jina la Mthandizi, msaidizi. Upande wetu chama cha wakulima wa mkonge kilianzisha mwaka 1944 ofisi iliyoitwa Silabu, na Songea ilikuwa moja ya nchi zake kubwa za kuandikisha watu.

Angalieni majina haya kwa sikio la mwanaisimu. Mthandizi na Ulere yametoka katika lugha ya watu wenyewe na yanabembeleza. Manamba, neno walilopewa wafanyakazi wa mkataba wa mkonge, linatokana na namba aliyopewa kila mmoja. Limechukua kiambishi cha ngeli ya vitu na wingi, na hata leo anayeitwa manamba hafurahi. Kipande, neno la kawaida kabisa la Kiswahili, liligeuka kuwa kadi ya kazi: siku thelathini za kazi zikitimia na kuwekewa alama, ndipo mshahara unapotoka. Nchini Kenya neno hilohilo lilikuwa kitambulisho ambacho Waafrika wanaume walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Na kutoroka, kitendo ambacho zamani kilimhusu mtumwa au mke, sasa kilimhusu mfanyakazi: chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kulikuwa ni kosa la jinai.

Ofisi zilifanya mambo ya maana, na si haki kuyaficha. Aliyetembea kwa miguu majuma mengi kupita misitu ya Msumbiji alijua thamani ya gari. Kambi za njiani zilikuwa na chakula na daktari. Wenela ilikuwa na utaratibu wa kuweka sehemu ya mshahara mpaka mtu arudi kwao, na fedha hizo zilipokewa nyumbani, mbele ya wale waliokuwa na haki ya kuziuliza. Tangu mwaka 1952 ilikuwa na ndege zake zilizopitia Francistown. Kabla ya kushuka chini, mgeni alipimwa uzito na mapafu, akazoezwa joto la mgodi.

Hata hivyo mkataba huo uliandikwa kwa mtu asiye na familia. Mke hakuwemo, mtoto hakuwemo, na mahali pa kulala palikuwa bweni la wanaume. Linganisha na mgeni mwingine wa wakati uleule: ofisa wa Kizungu aliyeletwa Songea au Mbinga kwa muhula wa miaka miwili au mitatu. Yeye naye alikuwa mhamiaji wa kazi katika nchi ya kigeni. Mkataba wake ulitaja nauli ya kuja na ya kurudi, nyumba, likizo yenye malipo ya kwenda kwao, na matibabu. Kwake mwajiri aliyapanga yote yale ambayo kwa mtu wa Kihagara yalipangwa na mjomba na mke. Tofauti ya maneno ya Kiswahili ilifuata tofauti hiyo: mmoja akaitwa mtaalamu kutoka nje, mwingine manamba.

Upo pia mgeni wa tatu, ambaye hakuingia katika kundi lolote. William Percival Johnson wa Misheni ya Vyuo Vikuu alikuja Afrika mwaka 1876, akapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona, na bado akaishi kandokando ya ziwa hili mpaka alipofariki Liuli mwaka 1928. Misheni yake ilitaka wasioolewa na wasiooa, tena bila mshahara wa kawaida. Alijifunza lugha za ufukoni na kufasiri Biblia kwa Kinyanja cha Likoma. Kwa vipimo vya leo vya kupanga maisha ya ugenini, Johnson alipanga vibaya sana: hakuwa na tarehe ya kurudi.

Hapo tumefika kwenye lugha, mzigo ambao ofisi za uandikishaji hazikuuweka katika orodha. Mtu aliyetoka Kihagara alikuwa na lugha ya nyumbani, iwe Kinyanja, Kimpoto au Kimanda. Alikuwa na Kiswahili, na kama alisoma misheni alikijua pia kwa maandishi. Lugha hizo zilimfikisha wapi? Kwenye mkonge Kiswahili kilimtosha, tena alirudi nacho kikiwa kimenolewa. Migodini Afrika Kusini alifundishwa Fanakalo, lugha ya amri iliyojengwa kwa maneno mengi ya Kizulu, na Kiingereza na Kiafrikana kidogo. Rhodesia ya Kusini iliitwa Chilapalapa, na kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini Chikabanga. Lugha hii ilijulikana na maelfu kwa maelfu, lakini haikuota mizizi ya kuwa lugha ya mama.

Sasa itazameni Katanga. Kampuni ya Union Minière, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, iliamua kuwatuliza wafanyakazi wake kwa kuwaruhusu kuishi na wake zao na watoto. Lugha ya kazi huko ilikuwa Kiswahili, katika mazingira ambayo Johannes Fabian ameyachambua katika kitabu chake cha 1986. Matokeo yake yanajulikana na kila mwanafunzi wa lahaja: watoto wa Lubumbashi walizaliwa ndani ya Kiswahili, na Kiswahili hicho kina sarufi yake, nyimbo zake na michoro yake yenye maandishi. Sisemi kwamba familia pekee ndiyo sababu, kwani heshima ya lugha na sera ya wakoloni vilikuwa na nguvu zake. Lakini mkataba ulioruhusu familia ulizaa wasemaji, na mkataba uliokataza ulizaa lugha ya bweni. Wanaisimu tunapenda kueleza hatima ya lugha kwa hadhi na idadi. Pengine tusome pia masharti ya ajira.

Kwa watu binafsi, lugha ilifungua milango ambayo hati haikuifungua. Clements Kadalie, Mtonga wa Nkhata Bay aliyesomea misheni ya Livingstonia, alifika Cape Town mwaka 1918 na mwaka uliofuata akaanzisha ICU, chama kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote vya wafanyakazi Waafrika wa wakati ule. Hakuzijua vizuri lugha za Waafrika wa huko. Alihutubia kwa Kiingereza cha misheni, wakalimani wakamfuata.

Hastings Kamuzu Banda ni mfano unaonishughulisha zaidi. Aliondoka Kasungu akiwa kijana, karibu mwaka 1915, kwa miguu. Akafanya kazi hospitalini Hartley, kisha mgodini karibu na Johannesburg. Mwaka 1925 akaenda Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa msemaji aliyempa Mark Hanna Watkins data za sarufi ya Chichewa iliyochapishwa mwaka 1937. Lugha ya kijijini, ambayo hakuna aliyeihesabu katika mizigo yake, iligeuka kuwa mtaji kwenye meza ya wanaisimu. Alirudi Nyasaland Julai 1958, baada ya zaidi ya miaka 40, akahutubia mikutano kwa Kiingereza huku mkalimani akiwa pembeni. Mwaka 1968 serikali yake ikakifanya Chichewa lugha ya taifa. Mwenye kutaka kuona ni nini kinachobaki na ni nini kinachopotea kwa mtu aliyekaa nje muda mrefu, amsome Banda kwa makini, akiziweka siasa zake kando kwa muda.

Wengine hawakurudi. Kinyanja kina neno kali kwao, machona, waliopotelea ugenini. Neno hilo limeingia katika maandishi ya serikali na ya wanaanthropolojia: kamati iliyochunguza uhamiaji Nyasaland mwaka 1935 ilishughulishwa sana na watu hao, na Margaret Read aliandika juu ya vijiji vyao mwaka 1942. Machona si maiti, maana maiti hufanyiwa matanga. Mke wa machona si mjane wala si mke. Shamba lake haligawiwi wala halilimwi kwa utulivu. Ukimtazama hivyo, machona ni mtu ambaye mpango wake wa kutokuwepo umevunjika. Barua zimekatika, na aliyeachwa kumjibia hana tena la kujibu.

Kiswahili kina kitenzi kinachofanana na hicho: kulowea, yaani kukaa ugenini mpaka pakawa kwako. Kutokana nacho tumepata mlowezi. Lakini siasa za karne ya 20 zilimpa mlowezi sura ya Mzungu mwenye shamba Kenya au Rhodesia, na maana ya zamani ikasukumwa pembeni. Mtu wa Kihagara aliyeoa na kuzeeka Bulawayo alikuwa amelowea kwa maana kamili ya neno, wala sijapata kusikia mtu akimwita mlowezi. Ardhi ndiyo iliyogawa majina.

Muda mfupi baada ya uhuru wa 1961 serikali ya Tanganyika ilisitisha uandikishaji wa watu wake kwa migodi ya makaburu, na wengi waliuona uamuzi huo kuwa wa heshima. Malawi iliendelea hadi tarehe 4 Aprili 1974, ndege ya Wenela ilipoanguka Francistown baada ya kujazwa mafuta yasiyo yake, wakafa watu 78. Banda akawazuia watu wake kwa muda, wakati ambapo zaidi ya Wamalawi laki moja walikuwa migodini. Mlango wa ofisi ulipofungwa, safari zilibadili sura. Miaka ya 1980 ilituletea kuzamia, kitenzi cha kwenda chini ya maji, kwa vijana waliojificha melini. Baada yake zikaja majuu, mbele, na kubeba boksi, maneno ya mtaani yenye dhihaka na tamaa ndani yake. Yote yanatazama kule anakokwenda mtu. Ughaibuni, neno tunalolitumia katika maandishi rasmi, ndilo pekee linalotazama kutoka nyumbani: asili yake ya Kiarabu ni kutoonekana, kutokuwepo. Walioileta istilahi hii huenda hawakuwa wakifikiria machona, lakini imetua palepale.

Nirudi kwa mdhamini. Katika nchi za Ghuba wanakokwenda wanawake wengi wa Kitanzania kwa kazi za nyumbani, mhamiaji huingia chini ya utaratibu wa kafala, yaani udhamini, na mdhamini wake kisheria ni mwajiri. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 juu ya Watanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu ilieleza jinsi wengi walivyonyang'anywa pasipoti na waajiri, na jinsi kuondoka nyumbani kwa mwajiri bila ruhusa kulivyohesabiwa kuwa kutoroka. Neno la mwaka 1923 limerudi na maana yake ileile. Na mdhamini, ambaye kwa msafiri wa ziwani alikuwa ndugu aliyebaki nyuma, sasa ni yule anayeshika funguo mbele.

Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wangeweza kuanzia kwenye barua. Kizazi changu kilifundishana kuandika kwamba mimi ni mzima, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu, na tuliona ni pambo tu. Fomula hiyo ilikuwa na kazi: ilimtangaza mwandishi kuwa angali mwenye nafasi nyumbani. Barua za mkonge, za Lupa na za Joni zilizobaki katika masanduku ya mwambao, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, zinahitaji kukusanywa na kuchambuliwa lugha yake, kabla mchwa hawajazimaliza: nani aliandikiwa, nani alitajwa kwa salamu na kwa mpangilio gani, fedha zilielekezwa kwa nani, shamba lipi liliulizwa habari zake. Tutakachokisoma humo ni mpango wenyewe, umeandikwa na waliokuwa wakiutekeleza. Fomu za safari za siku hizi zina kurasa nyingi za picha, alama za vidole, bima na taarifa za benki. Mambo ya aliyebaki nyumbani yamepewa mstari mmoja, unaotaka jina la ndugu wa karibu na namba yake ya simu.